Ndevu Chini ya Ushungi

Kikundi cha vijana wa Ukunda au shule ya Msambweni, Kwale, inayotaka kuigiza komedi ya udanganyifu itapata darasa zuri katika The Merry Wives of Windsor, tamthilia ya Shakespeare iliyochapishwa kwanza mwaka 1602. Mwaka 2012 wasanii wa Kenya waliicheza kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe, London, kwa jina la Wanawake wa Heri wa Winsa, Mrisho Mpoto wa Tanzania akiwa Falstaff.

Ufundi wake wote umesimama juu ya swali moja: nani anajua nini, na amekijua lini? Falstaff, mzee mnene aliyeishiwa pesa, anawaandikia Bi. Ford na Bi. Page barua za mapenzi zilizo sawa neno kwa neno, majina tu yakitofautiana. Wake hao wanaonyeshana barua, na kuanzia hapo wanamchezea. Ford naye, kwa wivu, anajiita Brook na kumlipa Falstaff amtongozee mkewe. Falstaff anamsimulia mwenye mke kila hila, pamoja na jinsi alivyotoroshwa ndani ya tenga la nguo chafu na kutupwa katika mto Thames. Watazamaji peke yao ndio wanaoona pande zote.

Tazama tukio la pili la kutoroka. Falstaff yuko ghorofani anavishwa gauni la bibi wa Brentford, shangazi wa mtumishi. Kabla Ford hajaingia, Bi. Ford anatamka wazi kwamba mumewe hawezi kumvumilia bibi huyo: anamwita mchawi, amempiga marufuku nyumbani na ametishia kumpiga. Ford anafika na kulivamia tenga, akizitupa nguo moja moja, kwa kuwa Falstaff mwenyewe ndiye aliyemwambia habari za tenga. Alichokijua kimempoteza. Kisha “bibi” anateremka, na Ford anamtimua kwa fimbo bila kumtazama usoni. Kasisi Evans anaziona ndevu chini ya ushungi, naye anazichukua kuwa ushahidi wa uchawi. Chuki ya Ford imemficha Falstaff kuliko gauni lenyewe.

Hapo ndipo mwongozaji wa Kwale anapaswa kuwa makini zaidi. Pwani yetu, Kwale ikiwemo, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Kicheko katika tukio hili ni halali kwa sharti moja tu: watazamaji wasisahau hata kidogo kwamba anayepigwa ni Falstaff, aliyejitakia. Mtayarishaji atashawishika kumvika buibui na nikabu, abaki macho tu. Asifanye hivyo. Ushungi ulegee, ndevu zichomoze, viatu viwe vilevile alivyoingia navyo, na mwendo uwe wake wa siku zote. Maneno ya Bi. Ford kuhusu chuki ya mumewe yasemwe polepole, yasikike mpaka safu ya nyuma, maana yakimezwa, fimbo za Ford hazina maelezo.

Siku ya mazoezi, mwiteni mtu asiyeijua hadithi, mmchezee tukio hili, kisha mumuulize aliyepigwa ni nani. Akijibu “bibi kizee,” tukio hilo lisipande jukwaani mpaka lirekebishwe.