Namna ya Kupima Hisa "Isiyo na Mpinzani"

Dalali akikusifia hisa kwa kuwa kampuni yake haina mpinzani, muulize ni nini kinachomzuia mpinzani asije. Akitaja hataza, omba namba yake na jina la mwenye nayo. Tanzania Bara hataza husajiliwa na wakala wa usajili, BRELA; nyingine huombwa kwenye shirika la kikanda la ARIPO kule Harare. Hailindi zaidi ya miaka 20, wala nje ya nchi ilikosajiliwa.

Jina la mwenye mali ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Vodacom Tanzania iliuza hisa kwa umma mwaka 2017, shilingi 850 kila moja, lakini jina na mfumo wa huduma yake ya fedha kwa simu, M-Pesa, vilikuwa vya Vodafone ya Uingereza hadi Safaricom na Vodacom Group walipovinunua mwaka 2020. Kabla ya hapo Tigo na Airtel walikwisha kuanzisha huduma zao za aina hiyo. Naona kinachoilinda M-Pesa zaidi ni mawakala walioenea hadi Tukuyu na Mafinga, na hao hawasajiliwi kama hataza.

Hisa ninayopenda kuichambua ni ya TOL Gases, kampuni ya kwanza kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, Aprili 1998. Huko Kyejo, Rungwe, kabonidayoksaidi hutoka ardhini yenyewe kwa sababu ya volkano. TOL huivuna, huisafisha na kuiuza kwa wateja, wakiwemo watengenezaji wa soda na bia. Hakuna mvumbuzi atakayeinakili volkano!

Hata hivyo, usikimbilie kununua. Gesi hiyohiyo hukamatwa bia inapochachuka kiwandani, na huzalishwa pia kwa kuchoma mafuta. Kwa hiyo pima nani anaifikisha kwa mteja kwa bei ndogo. Kiwanda cha mteja wa Mbeya mjini kiko jirani na Kyejo. Cha Dar es Salaam kiko zaidi ya kilomita 800, lori lishuke mlima Kitonga, na dizeli ile yote hulipwa kutoka kwenye faida. Soma taarifa za miaka kadhaa: mafuta yalipopanda, faida ghafi ilifanya nini? Leseni ya uchimbaji inaisha lini? Mauzo yamewategemea wateja wangapi?

Mwisho, uliza hisa hiyo iliuzwa lini mara ya mwisho, na ngapi. Za kampuni ndogo huweza kukaa siku nyingi bila mnunuzi, hivyo taja bei yako ya juu kwenye oda, na usiweke fedha ya ada ya shule.