Kitufe Kilichotukana: Juu ya Kuhakiki Programu Isiyokamilika

Uhakiki umezoea kuikabili kazi iliyokwisha kuchapwa. Mtunzi ameiachia, na sifa au lawama zinazomfikia hazibadili hata neno moja. Uhakiki wa programu ya tarakilishi iliyo bado katika majaribio ni wa namna nyingine: mhakiki huitwa kazi ikiwa ingali mbichi, na asemalo laweza kuigeuza kabla haijatoka. Swali linalozuka ni hili: atoe nini, maoni au ushahidi?

Januari 1983 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa tarakilishi iliyoitwa Lisa, bei yake dola 9,995. Kabla ya hapo programu zake zilijaribiwa mbele ya watu wasiozijua, kazi aliyoishughulikia Larry Tesler. Andy Hertzfeld, mmoja wa waundaji wa Macintosh, ameihifadhi habari ya jaribio moja. Programu ilipotaka idhini ya mtumiaji, kilijitokeza kisanduku chenye vitufe viwili: kimoja cha kukataa, na cha pili kimeandikwa "Do It", yaani "tenda". Baadhi ya watumiaji walikwama papo hapo, wakabonyeza cha kukataa ilhali walipaswa kuendelea. Sababu haikujulikana mpaka mmoja wao alipoanza kukasirika, akaulizwa kinachomkera. Alitaka kujua kwa nini mashine inamwita juha. Katika chapa ile herufi kubwa I ilifanana na l ndogo, naye hakuiona nafasi baina ya maneno mawili. Akasoma "Dolt", neno la Kiingereza la kumbeza mjinga. Kitufe kikabadilishwa, kikawa "OK".

Habari hii huchekesha, lakini uzito wake hauko katika kichekesho. Mtumiaji yule hakuwa sahihi: hakuna aliyemtukana. Hata hivyo, kosa lake la kusoma lilikuwa na thamani kuliko maoni mengi yaliyo sahihi. Laiti msimamizi angalimjibu kwamba asome vizuri, kasoro ingalibaki. Nao waliotangulia kukwama hawakusema lolote. Wangaliulizwa kama programu inapendeza, yamkini wangaliisifu kwa adabu. Kwa hiyo palipostahili kutazamwa ni pale mkono uliposita. Waundaji wenyewe wasingeweza kuliona tatizo, kwani walikwisha kujua kilichoandikwa, na ajuaye hasomi tena.

Zaidi ya hayo, "OK" ilikuwa imefikiriwa mapema ikaachwa, kwa kuonekana kuwa ni lugha ya mitaani mno. Hapo wahandisi walitenda kama kamati ya lugha: walipima heshima ya neno kabla ya kupima kama linasomeka.

Tesler alikwisha kuijua njia hii katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, miaka ya 1974 na 1975, alipounda na Tim Mott programu ya uhariri iliyoitwa Gypsy. Alimketisha mfanyakazi mgeni, ambaye fikra zake hazijaathiriwa na mashine za hapo, mbele ya skrini tupu, akampa ukurasa wenye masahihisho na kumwuliza angeyafanyaje. Hapo hapakuwa na programu ya kusifiwa wala kulaumiwa. Palikuwa na msomaji na haja yake tu.

Kwa Kiswahili jambo hili si la mbali. Kwenye skrini nyingi za leo kitufe cha kukataa kimeandikwa "Ghairi". Kamusi inalitetea, na mzawa wa Lamu hahitaji kuelezwa. Lakini mwanafunzi wa Kitale aliyekipata Kiswahili darasani huenda hajapata kulitumia neno hilo. "Hifadhi" nalo ni amri ya kuweka kazi isipotee, na katika simu hiyo hiyo ni jina la mahali vitu vinapowekwa. Msomaji aamue mwenyewe kama anaamrishwa au anaonyeshwa. Mabishano juu ya maneno haya huendeshwa na wataalamu, kwa hoja za asili, ngeli na ufasaha. Hoja hizo zina nafasi yake, ila haziwezi kueleza kidole kitaelekea wapi. Hilo litajulikana pale mwanafunzi wa Kitale na mzee wa Lamu watakapokalishwa mbele ya nakala isiyokamilika, kila mmoja na kazi yake ya kweli mkononi, na mtaalamu akae kando anyamaze, kalamu tayari.