Nilivyoifumua Kanzu ya Babu

Mamangu alinikuta barazani na wembe mkononi, kanzu ya babu imelala mapajani. "Nguo ya babuyo hiyo," akasema. Nikamwambia sikati kitambaa, nafumua uzi tu. Hakuridhika, ila alikaa kutazama, na mshono wa kwanza ulipoachia akaenda kuchukua miwani yake.

Chanzo cha yote ni aibu ya Idi. Nilikuwa nimenunua kanzu mpya dukani, shingo yake imejaa darizi ya mashine inayometa kama sukari. Swala ya Idi ina takbiri saba za ziada katika rakaa ya kwanza. Kanzu yangu ilifika ya nne. Nilipoinua mikono, kwapa la kulia likalia traa, na jirani yangu safuni akajitahidi asicheke. Nilipoikagua nyumbani nikaona mshono wenyewe ni mzima. Kilichochanika ni kitambaa, kando kabisa ya mshono. Kanzu ya babu ina umri kunishinda mimi, na makwapa yake hayana hata mkwaruzo. Nikataka kujua fundi alifanya nini pale.

Kabla ya kufumua, soma uzi. Mishono mirefu ya ubavuni ilipigwa cherehani: uzi wa juu na wa chini zimekamatana katikati ya kitambaa, ukivuta mmoja mwingine unagoma. Shingoni na kwapani uzi ni mmoja tu, unaingia na kutoka. Huo ni mkono. Kwa hiyo fundi alikuwa na cherehani, na bado akaiacha kando alipofika sehemu fulani.

Vipande vilipotengana nikavitandaza sakafuni. Ukiondoa tundu la shingo, hakuna kipande kilichokatwa kwa mviringo. Badani ni kitambaa kimoja kirefu kilichokunjwa mabegani, mbele na nyuma pamoja, bila mshono wa bega. Mikono ni vipande vilivyonyooka. Ubavuni ziko taharizi nne, mbili kila upande, nyembamba juu na pana chini, ndizo zinazokupa nafasi ya kupiga hatua. Na chini ya kila kwapa kuna kikwapa, mraba wa vidole vinne hivi.

Taharizi zina ujanja wake. Chukua mstatili, ukate kutoka pembe hadi pembe, unapata taharizi mbili na hakuna kinachoanguka chini ya mkasi. Mistatili miwili, taharizi nne. Hesabu hii inawezekana kwa kuwa bafta na marekani, vitambaa vya pamba, hazina nje wala ndani, unaweza kugeuza kipande utakavyo. Lakini kila taharizi inatoka na upande mmoja ulionyooka na mwingine wa mshazari, na upande wa mshazari hurefuka ukining'inia. Fundi wa babu aliushona ule wa mshazari kwenye ukingo ulionyooka wa badani, ili mnyoofu umzuie mlegevu. Pande zilizonyooka akazikutanisha zenyewe kwa zenyewe ubavuni. Ndiyo maana pindo la kanzu ile halijashuka pembeni hadi leo. Kanzu yangu ya dukani, baada ya kufuliwa mara tatu, ilikuwa inafagia njia upande wa kushoto.

Sasa kikwapa, ambacho ndicho nilichokitafuta. Ukiinua mkono, nguo huvutwa kutoka kiunoni kuelekea kiwikoni. Pale mshono wa ubavu unapokutana na mshono wa mkono, nguvu yote hukusanyika penye nukta moja, na nyuzi za kitambaa zilizonyooka hazina pa kwenda ila kukatika. Kikwapa kinaondoa ile nukta. Mraba unawekwa kama almasi, pembe moja mkononi, moja ubavuni, moja mbele, moja nyuma, hivyo mvuto unapita mshazari. Kitambaa kinachovutwa mshazari hunyumbuka. Tena mraba wa sentimita 10 una sentimita 14 na ushei kutoka pembe hadi pembe, kwa hiyo umepata na urefu wa ziada palipokuwa hapana kitu.

Ugumu uko kwenye pembe. Mshono lazima usimame pale pale pindo za vipande vitatu zinapokutana. Ukipitiliza kwa upana wa punje ya mchele pembe inajikunja. Ukipungukia inaacha tundu. Cherehani ya miguu ina pupa, mkono unaweza kusimama. Nadhani ndiyo sababu ya ule uzi mmoja.

Jambo jingine lilimfanya mamangu asogeze kiti. Kikwapa cha kushoto si cha kitambaa kile kile. Ni cheupe zaidi na kimefumwa kwa kubana. Kiliwahi kuchakaa, kikatolewa, kikawekwa kipya, na kanzu iliyobaki haikuguswa. Kumbe kile kipande kidogo ni kipuri.

Mkato huu una ukoo mrefu. Mwaka 1921 Wadenmark walichimbua makaburi ya Herjolfsnes, kusini mwa Greenland, ambako ardhi ya baridi ilikuwa imehifadhi makumi ya nguo za sufu za karne ya 14 na 15. Watu wale walishona kwa ajili ya barafu, sisi kwa ajili ya joto la Kaskazi, na hakuna aliyemwona mwenzake. Lakini nguo zao pia zimepanuliwa kwa vipande vya pembetatu kuanzia kiunoni kwenda chini. Aliyefuma kwa mkono, au aliyenunua kilichofumwa kwa mkono, alijua saa ngapi zimo ndani ya pima moja ya nguo, na hakuwa tayari kutupa vipande vya mviringo.

Pwani hii ilijua thamani ya nguo zamani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alivishwa nguo ya hariri ya kujifunga kiunoni, vazi la kitani cha Misri, joho lenye bitana na kilemba cha Kimisri chenye nakshi ukingoni. Baadaye akalala usiku mmoja hapa Mombasa. Wareno walipouteka na kuuchoma mji huu mwaka 1505, walioandika habari zake hawakusahau kutaja hariri na nguo za dhahabu walizozikuta. Kitambaa cha marekani chenyewe kilikuja baadaye sana, karne ya 19, kwa merikebu za wafanyabiashara wa Salem, na mkato ulikuwa tayari unakingoja.

Nikarudi kwenye shingo ya kanzu nikiwa na jicho jipya. Kanzu ya babu ni ya kazi, yaani imedariziwa, na zamani nilidhani darizi ile ni urembo mtupu. Tazama imekaa wapi. Tiki, kile kinakshi kidogo, kimekaa mwisho wa mpasuo wa kifua, mahali ambapo kichwa kikiingia kwa haraka kitambaa kitaendelea kupasuka hadi tumboni. Kiboko kiko nyuma ya shingo, panapobebwa uzito wa kanzu nzima ikitundikwa msumarini. Lisani iko chini ya mpasuo, kaba ndani ya shingo, sijafu ndani ya kifundo cha mkono: kila panaposuguliwa pana tabaka la pili, na mishono ya darizi ndiyo inayoyashikanisha matabaka. Fundi alianza kwa kuuliza wapi patachakaa, kisha akapapamba hapo hapo.

Mashine imechukua lile pambo ikaacha swali. Kwenye kanzu yangu ya Idi darizi ilikuwa nzito kuliko kitambaa, imekazwa kwa karatasi iliyobandikwa kwa pasi. Mwisho wa mpasuo, pale pa tiki, hapakuwa na hata mshono mmoja wa ziada. Siilaumu mashine. Inadarizi shingo kwa dakika chache, na si kila mtu ana pesa za kumlipa fundi wa mkono. Ila anayeiamrisha angeweza kuiambia ishone tiki.

Baada ya kanzu ikaja zamu ya kofia ya babu, nikampelekea fundi mmoja mzee wa Mji wa Kale ambaye tangu utotoni namwita ami. Ni kofia ya viua, imelegea kwa kukosa dondo, ule wanga wa kukazia nguo. Aliinua mbele ya dirisha, na ukuta wa nyuma yake ukajaa nukta za mwanga.

"Ami, matundu haya hukatwa kwa mkasi?"

"Hayakatwi, mwanangu. Yasukumwa."

Akanionyesha kwenye kitambaa cha pembeni. Tabaka mbili za bafta zimeshikizwa kwa bandi, nakshi imechorwa kwa penseli. Ncha ya sindano nene inaingia katikati ya nyuzi na kuzitawanya, bila kukata hata moja. Kisha sindano nyembamba inazunguka ukingo, mshono ubavuni mwa mshono, kila mmoja ukivutwa kwa nguvu sawa, subana ikilinda kidole. Tundu lililokatwa lina nyuzi zilizokufa zinazotaka kuchomoka; lililosukumwa nyuzi zake zote ziko hai, zimebanwa tu kando. Kuzungushia tundu uzi si kazi ya pwani hii pekee: mafundi wa London wa karne ya 14 walizungushia hariri matundu ya kupitishia kamba za nguo, na masalio yake yamechimbuliwa.

Kiua kimoja ni pete ngumu katikati ya kitambaa laini. Zipange pete mamia, zikigusana, na bafta iliyokuwa ikilala kama leso inaanza kusimama. Dondo humalizia kazi, kofia ikivalishwa juu ya kopo ikauke kwa umbo lake. Wakati huo huo matundu yanapitisha hewa, na anayevaa kofia Mombasa mwezi wa Februari anajua hilo lina maana gani. Kofia nzima hula wiki nyingi, mara nyingine miezi. Waomani waliorudi kwao kutoka Zanzibar na pwani hii walirudi nayo, huko waiita kumma.

Ami akanipa na kofia ya bei nafuu niiangalie dhidi ya dirisha lile lile. Maua yamepangwa vizuri, duara zote sawasawa. Ukutani hapakuonekana kitu. Ni viua vilivyochorwa kwa uzi juu ya kitambaa kizima, visivyo na tundu.

"Hii joto lake wavaa weye," akasema, akairudisha rafuni.

Kanzu ya babu nimeishona tena. Ile ya Idi nayo nimeikatia vikwapa viwili kutoka kwenye shuka kuukuu, na cha kulia kimekubali. Cha kushoto pembe tatu zimelala vizuri na ya nne imejikunja. Mamangu ameigusa kwa ukucha, akanisogezea wembe.