Uzito wa Mwigizaji katika Filamu za Kutisha za Uingereza: Uhakiki wa Uigizaji wa Christopher Lee, Peter Cushing na Barbara Shelley, 1957–1972

1.0 Utangulizi

Mwaka 1957 kampuni ndogo ya filamu ya Uingereza iitwayo Hammer ilitoa The Curse of Frankenstein, filamu ya rangi iliyotengenezwa katika studio za Bray, kando ya Mto Thames. Mwaka uliofuata ikatoa Dracula. Zote mbili ziliongozwa na Terence Fisher na kuandikwa na Jimmy Sangster, na katika zote mbili nafasi kuu zilishikwa na waigizaji walewale: Peter Cushing na Christopher Lee. Zilipewa daraja X, lililoanzishwa mwaka 1951 ili kuwazuia watazamaji wenye umri chini ya miaka 16. Watu walimiminika katika majumba ya sinema, lakini wahakiki wengi walichukizwa. C. A. Lejeune wa gazeti la Observer aliihesabu filamu ya mwaka 1957 miongoni mwa filamu chache za kukirihisha kabisa alizowahi kuziona.

Utetezi mkubwa wa filamu hizo ulikuja mwaka 1973, David Pirie alipochapisha kitabu chake, A Heritage of Horror. Pirie alionesha kwamba filamu za Hammer zina mizizi katika riwaya za kutisha za Kiingereza za karne ya 18 na 19, na kwamba Fisher ni mwongozaji mwenye mtazamo wake. Utetezi huo ulikuwa wa haki. Hata hivyo, ulielekezwa zaidi kwa mwongozaji na kwa chimbuko la kifasihi, na mwigizaji akabaki nyuma. Makala haya yanadai kwamba kinachozifanya filamu bora za kundi hili zitishe hadi leo si damu iliyowachukiza wahakiki, bali ni uzito wa waigizaji: kule kukataa kwao kuidhihaki hadithi waliyopewa, hata pale hadithi yenyewe ilipokuwa rahisi kudhihakiwa.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi: Mnyonyadamu na Mumiani

Msomaji wa Kiswahili anapokutana na Dracula huenda akamkumbuka mumiani. Neno hilo lina asili moja na neno la Kiingereza linalotaja maiti zilizokaushwa za Misri, kwani yote mawili yanatokana na neno la Kiajemi na Kiarabu lililotaja dawa nyeusi mfano wa lami. Lakini mumiani wa masimulizi ya pwani ya Afrika Mashariki ni binadamu anayevizia wenzake ili damu yao ikatengenezewe dawa. Mara nyingi husemwa kwamba anafanya hivyo kwa ujira. Dracula hamfanyii mtu kazi. Yeye ni bwana wa ngome, na damu anayoinyonya ni ya watu waliomo chini ya mamlaka yake au walioingia nyumbani mwake kama wageni. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia istilahi mnyonyadamu.

Hata hivyo, ulinganisho huo una faida moja. Mumiani anatisha kwa kuwa hana alama usoni. Anaweza kuwa yeyote unayepishana naye njiani. Hofu ya namna hiyo ndiyo aliyoitumia Lee alipoingia katika Dracula kwa mara ya kwanza.

3.0 Ukimya wa Christopher Lee

Katika Dracula ya mwaka 1958, mtazamaji anamwona kwanza mtu mrefu aliyesimama juu ya ngazi, akiwa kivuli kitupu. Kila kitu kimemwandaa kuona zimwi. Kisha mtu huyo anashuka ngazi kwa hatua za haraka, anaingia mwangani, naye ni muungwana mwenye sauti ya utulivu anayemkaribisha mgeni wake, Jonathan Harker, kwa adabu. Mshangao huo ni wa makusudi. Baadaye kidogo mtu huyohuyo anatokea mlangoni mwa maktaba, macho mekundu, midomo imelowa damu, na adabu yote imetoweka. Mtazamaji hatishwi na uso ule peke yake. Anatishwa kwa sababu anamkumbuka yule mwenyeji mwema wa awali.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba baada ya mazungumzo yake na Harker, Dracula hasemi tena hadi mwisho wa filamu. Kwa jumla hata haonekani kwa dakika 10, lakini mtazamaji hutoka na hisia kwamba alikuwapo muda wote. Lee anaujaza upungufu huo kwa mwili: namna anavyosimama kizingitini bila haraka, kana kwamba nyumba ya watu ni yake tayari, namna anavyoinamisha kichwa juu ya mhanga wake polepole, kama mtu anayetekeleza haki.

Ukimya huohuo unafika kilele katika The Mummy ya mwaka 1959. Lee anaigiza nafasi ya Kharis, kuhani wa Misri ya kale aliyekatwa ulimi na kuzikwa hai kwa kosa la kumpenda binti mfalme aliyefariki. Anapofufuka, mwili wote umefungwa vitambaa na mdomo umefunikwa. Kilichobaki ni macho na mwendo. Anapokutana na mwanamke anayefanana na mpenzi wake, Kharis anasita, na katika kusita huko macho yanabadilika kutoka kwenye utii wa mtumwa hadi kwenye majonzi ya mtu aliyengoja karne nyingi. Mwigizaji asiye na uso wala sauti ameweza kumpa mtazamaji huruma kwa muuaji.

Kuhusu Dracula: Prince of Darkness ya mwaka 1966, ambamo Dracula hasemi hata neno moja, kuna kauli mbili zinazopingana. Lee alisema kwamba alikataa kuyatamka maneno aliyoandikiwa. Sangster alisema kwamba hakuandika maneno yoyote. Mhakiki hana haja ya kuamua nani mkweli. Matini iliyopo ni ile ya kwenye pazia, na katika matini hiyo ukimya unafanya kazi. Mamlaka yasiyohitaji kujieleza ndiyo yanayoogofya zaidi.

4.0 Mikono ya Peter Cushing

Ikiwa Lee aliigiza kwa kupunguza, Cushing aliigiza kwa vitu. Katika The Curse of Frankenstein mikono yake haitulii: inashika chupa, inageuza kioo cha kukuzia, inafunua vitambaa, inakata. Baada ya kukikata kichwa cha maiti, Baroni Frankenstein anajifuta damu kwenye nguo yake na kuendelea na shughuli, kama fundi anavyofuta mafuta ya mashine. Kitendo hicho ni kidogo mno, lakini kinaeleza tabia nzima ya mhusika: mtu asiyeona tofauti kati ya mwili wa binadamu na kifaa cha kazi.

Onesho linalothibitisha hoja hii halina damu kabisa. Justine, mtumishi aliyepata mimba ya Baroni na kumtishia kwamba atamshtaki, anaingia maabara usiku kutafuta ushahidi. Baroni anamfungia mlango pamoja na kiumbe alichokiumba. Tunasikia ukelele. Mara tunahamishiwa mezani asubuhi, ambapo Baroni anakula na kuomba apewe marmaledi. Cushing hatabasamu, wala halipi tukio hilo mkazo wowote. Anaomba kama anavyoomba mtu mwenye njaa. Endapo angemkonyezea mtazamaji jicho, tukio lingekuwa mzaha. Kwa kuwa hakufanya hivyo, linakuwa ushahidi wa ukatili wa tabaka lililozoea kuhudumiwa.

Mwigizaji huyohuyo, mwaka mmoja baadaye, anatumia ustadi uleule kwa upande wa wema. Katika mwisho wa Dracula, Van Helsing ananyongwa hadi anaonekana kuzirai, anajinasua, anakimbia juu ya meza ndefu na kurukia mapazia ili mwanga wa jua uingie. Kisha anavikamata vinara viwili vya mishumaa na kuvipishanisha vifanye msalaba. Cushing mwenyewe alieleza baadaye kwamba wazo la vinara lilikuwa lake. Umuhimu wake ni kwamba wokovu unatokana na vitu vya kawaida vya nyumbani mikononi mwa mtu aliyeishiwa pumzi, si na muujiza. Van Helsing wa Cushing anashinda akiwa amechoka na kuumia, ndiyo maana tunaamini kwamba angeweza kushindwa.

5.0 Barbara Shelley na Mwanamke Asiyesikilizwa

Sifa nyingi za filamu hizi zimewaendea wanaume wawili waliotajwa. Ni haki kuongeza jina la Barbara Shelley, aliyeigiza nafasi ya Helen katika Dracula: Prince of Darkness. Helen ni mmoja wa wasafiri wanne wa Kiingereza wanaofika katika ngome ya Dracula. Yeye peke yake anatambua kwamba kukaa humo ni hatari, naye anasema hivyo; wenzake wanamwona mwoga na mkorofi wa safari. Shelley anamwigiza Helen kwa mabega yaliyokakamaa na sauti iliyobanwa, kiasi kwamba hata mtazamaji anaweza kumchoka. Huo ndio mtego: tunapomchoka, tunakuwa upande wa wale wanaompuuza, na baadaye tunagundua kwamba alisema kweli.

Baada ya kugeuzwa mnyonyadamu, mwili wake unafunguka, mwendo unakuwa mwepesi, na tabasamu lililokosekana linatokea. Kisha anakamatwa na kupelekwa kwa watawa, ambao wanamlaza mezani na kumshikilia akipambana, huku Padri Sandor akisimamia upigaji wa kigingi kifuani. Hadithi inatutaka tuone ukombozi wa roho, na utulivu wa uso wake baada ya kufa unaunga mkono maana hiyo. Lakini Shelley anapambana kwa nguvu ya kweli kiasi kwamba maana ya pili inajitokeza: kundi la wanaume limemzidi nguvu mwanamke mmoja ambaye, alipokuwa hai, hawakumsikiliza. Maana hii haimo katika mazungumzo. Imo katika mwili wa mwigizaji.

6.0 Mgane wa Mwaka 1972

Mwezi Januari 1971 Cushing alifiwa na mkewe, Helen. Mwaka uliofuata alionekana katika Tales from the Crypt, filamu ya kampuni ya Amicus iliyoongozwa na Freddie Francis. Humo anaigiza nafasi ya Grimsdyke, mzee mgane, mzoa taka, anayependa watoto na mbwa, na anayezungumza na picha ya marehemu mkewe. Majirani matajiri wanataka aondoke mtaani. Mbwa wake wanachukuliwa, watoto wanakatazwa kumtembelea, na siku ya Valentino anatumiwa rundo la kadi zenye maneno ya kejeli. Mzee anajinyonga. Mwaka mmoja baadaye anatoka kaburini kulipiza kisasi.

Ni rahisi kusema kwamba huzuni ya kweli ndiyo iliyoigiza. Kauli hiyo inamnyima mwigizaji sifa yake, kwani wafiwa ni wengi na wachache tu wanaoweza kuifanya huzuni yao ieleweke kwa wageni. Tunachokiona ni ustadi uleule wa mwaka 1957. Mikono iliyoshika visu vya maabara sasa inafungua bahasha moja baada ya nyingine, kwanza kwa furaha ya mtu anayedhani amekumbukwa, kisha kwa polepole inayoumiza kutazama. Maiti iliyofufuka inakuja baadaye, lakini kitisho kimekwisha kutokea, nacho kimetendwa na majirani wenye nguo safi.

7.0 Mipaka ya Hoja

Uzito wa mwigizaji hauokoi kila filamu. Lee aliigiza nafasi ya Dracula mara saba kwa kampuni ya Hammer, na alilalamika hadharani kwamba hadithi zilikuwa zikizidi kwenda mbali na riwaya ya Bram Stoker. Katika Dracula A.D. 1972 mnyonyadamu anafufuliwa katika London ya vijana wa wakati huo, lakini anabaki ndani ya magofu ya kanisa bila jambo la maana la kutenda. Mwigizaji asiye na tendo hubaki sanamu, hata awe mahiri kiasi gani.

Vilevile, Misri ya The Mummy ilijengwa studioni, na nafasi ya Mmisri Mehemet Bey ikapewa George Pastell, mzaliwa wa Kupro. Hata hivyo, Pastell hakumfanya mhusika wake kikaragosi. Anapojibizana na mwanaakiolojia anayeigizwa na Cushing kuhusu uhalali wa kufukua makaburi ya watu wengine, ni Mehemet Bey mwenye hoja nzito zaidi, na Cushing anaigiza kwa ukaidi unaoufanya udhaifu wa upande wake uonekane. Waigizaji wawili wanaoheshimu onesho wameifanya filamu iseme zaidi ya ilivyokusudia.

8.0 Hitimisho

Wahakiki wa mwaka 1957 walihesabu matone ya damu. Damu ile imepauka. Watazamaji wa leo wameona nyingi zaidi. Kilichobaki ni mwenyeji anayeshuka ngazi kwa adabu, Baroni anayeomba marmaledi, Helen anayeonya bila kusikilizwa, na mzee anayefungua kadi. Katika kila onesho kati ya hayo, mwigizaji ameichukulia hadithi ya kubuni kwa uzito ambao wengine huuweka akiba kwa ajili ya tamthilia za Shakespeare. Uhakiki wa filamu za kutisha unapaswa kuanzia hapo: tusiulize kwanza ni nini kimeoneshwa, bali ni nani ametufanya tuamini, na kwa njia gani.