Saa Moja ya Ratiba: Uhakiki wa Istilahi za Safari za Ndege

Istilahi za umbali na muda katika ratiba za ndege hutafsiriwa kwa mazoea zaidi kuliko kwa kanuni, na madhara yake humfikia abiria. Makala haya yanahakiki istilahi tatu, kwa mfano wa njia ya Dar es Salaam na Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro (KIA), kilichofunguliwa mwaka 1971.

Kwanza, maili. Baina ya viwanja hivi, kwa mstari ulionyooka, kuna kiasi cha kilometa 450. Marubani huhesabu maili zipatazo 240. Lakini hizo ni maili za baharini, zenye meta 1,852 kila moja, ambapo maili ya nchi kavu ina meta 1,609. Mfasiri aandikapo "maili 240" bila kufafanua, msomaji hupunjwa kilometa 58 hivi, ambazo ni zaidi ya njia itokayo mjini Arusha hadi KIA. Kusema ndege imekwenda maili za baharini huwachekesha wengi. Hata hivyo ndiyo istilahi sahihi, wala haifai kukatwa.

Pili, "muda wa kuruka". Kuruka ni kuiacha ardhi, na pia ni kwenda angani. Dhana inayotafsiriwa hapa, kwa mujibu wa Shirika la Usafiri wa Anga Duniani (ICAO), huanza ndege inapoanza kutembea ili ipae, na hukoma inaposimama mwisho wa safari. Humo mna dakika ambazo magurudumu yangali chini. "Muda wa safari ya ndege" huibeba dhana hiyo yote; "muda wa angani" na ubaki kwa sehemu ya katikati.

Tatu, saa, na hapa ndipo penye tatizo kubwa. Mkazi wa Nduruma, aliye baina ya kiwanja cha Kisongo upande wa magharibi na KIA upande wa mashariki, akisoma "KIA–Dar es Salaam, saa 1", atajuaje kwamba ametajiwa muda wa safari, wala si wakati wa kuondoka asubuhi? Akisoma "saa 8.00", je, ni saa mbili asubuhi kwa hesabu ya Kizungu, au ni saa nane mchana? Anayekosea hapa hupoteza nauli yake.

Wapo wanaotetea "masaa" kwa hoja kwamba "masaa mawili" ni muda na "saa mbili" ni wakati. Hoja hiyo si dhaifu, na walimu wanaoikemea kwa sababu ya sarufi peke yake hawajaijibu. Udhaifu wake ni kwamba huanza kufaa kwenye mbili. Kwenye moja hakuna wingi, na safari tunayoizungumzia huchukua saa moja na zaidi kidogo.

Tunapendekeza basi: muda utanguliwe na neno "muda", au uandikwe kwa dakika, wakati uandikwe kwa saa za Kiswahili pamoja na sehemu ya siku: asubuhi, mchana, jioni au usiku. Palipo lazima kutumia hesabu ya saa 24, itajwe wazi juu ya ratiba. Maneno yote haya tunayo tayari. Kinachohitajika ni wafasiri na maofisa kuyatumia kwa namna moja.