Tundu la Mshipa na Tundu la Ugonjwa

Mtu akiniletea picha za CT za mkono wenye baridi yabisi, matundu nayaacha kwanza. Naanza na ukingo wa mfupa. Mkono uliotulia hutoa ukingo mkali, mfano wa ganda la yai lililopasuliwa. Nikiona mstari wa pili umejichora kando ya ule wa kwanza, au michirizi inayotoka mfupani na kuingia kwenye nyama, najua mkono ulitikisika.

Nazungumzia mashine ndogo maalumu za mikono na miguu, ambazo watafiti hutumia kuufuatilia ugonjwa huu. Kizazi chake cha kwanza huujenga mfupa kwa vichemraba vya picha vyenye upana wa maikromita 82, cha pili maikromita 61. Mnunuzi asiyejua husikia 61 akadhani mashine inaona kila kitu cha ukubwa huo. La hasha: kinachoweza kutofautishwa kwa uhakika ni kikubwa zaidi, karibu maikromita 95. Ripoti inayosifia kitu kidogo kuliko hapo naisoma mara mbili.

Kwa udogo huo, kutetemeka kidogo tu huharibu kazi. Upigaji huchukua dakika kadhaa, na anayeombwa kutulia ni mgonjwa ambaye vidole vinamuuma, pengine asubuhi vikiwa vimekakamaa. Ndiyo maana nasema ubora wa picha hizi huanzia mikononi mwa mpigaji, kabla mionzi haijawashwa. Mpigaji hodari huuweka mkono kwenye kishikio chake, hujaza nafasi kwa mito, huegemeza kiwiko na bega, humweleza mgonjwa itachukua muda gani, kisha humngoja apate kukaa vizuri. Kuna kipimo cha mtikisiko cha daraja 1 hadi 5. Picha za daraja la 4 na la 5 hazifai kuhesabia uharibifu, hata kama kurudia kunamaanisha kumwomba mgonjwa avumilie tena. Mionzi yenyewe ni kidogo, maikrosiveti chache kwa upigaji mmoja.

Sasa matundu. Mkulima anaitambua punje iliyobunguliwa: kwa nje kuna kitundu, lakini ndani unga umeliwa. Mfupa nao ni hivyo. Ganda likiwa na mwanya peke yake, bado sijashawishika, kwa sababu mifupa yote ina njia ambamo mishipa ya damu hupita. Njia ya mshipa ni nyembamba, imenyooka, kuta zake mbili zinakwenda sambamba, nayo hukata ganda kama mfereji uliochimbwa kwa makusudi. Tundu la ugonjwa hutanuka, na vijiti vya mfupa vilivyo nyuma yake vimetoweka.

Watafiti wa kundi la kimataifa la SPECTRA waliweka sharti ninalolipenda kwa ukali wake. Mwanya wa ganda uonekane kwenye mikato miwili inayofuatana au zaidi, uonekane tena picha ikikatwa kwa mwelekeo mwingine wa pembemraba, mfupa wa ndani uwe umepotea, na umbo lisiwe la mstari. Msomaji anayetazama upande mmoja tu atajaza daftari kwa matundu yasiyokuwepo.

Mahali nako husema. Baridi yabisi hupenda kichwa cha mfupa wa kiganja kwenye shina la kidole cha shahada na cha kati, hasa upande wa kidole gumba, pale gegedu linapoishia na utando wa kiungo uliovimba kuugusa mfupa mtupu. Watafiti wa Erlangen, Ujerumani, waliolinganisha baridi yabisi na ugonjwa wa viungo unaoambatana na soriasisi, waliona mashimo ya baridi yabisi mengi yakiwa na umbo la U, na yale ya soriasisi yakiwa madogo, mdomo mwembamba na tumbo pana, au kama mrija.

Hata hivyo watu wazima wasio na ugonjwa wowote huwa na vitundu viwili vitatu, na umri huviongeza. Kwa hiyo ripoti iliyoandika tu kwamba tundu limeonekana ni kazi nusu. Nataka kina chake, upana wake, ujazo wake, na kiungo lilipo. Nataka pia msomaji akiri kwamba uvimbe wa utando wenyewe CT haiuoni vyema. Hiyo ni kazi ya MRI au altrasaundi.

Mtihani mkubwa zaidi ni picha mbili za mkono uleule, moja ya leo na moja ya mwaka uliopita. Kidole kikiinama kidogo tofauti, mkato utapita mahali pengine na tundu litaonekana limekua. Msomaji mzuri huzilinganisha kwanza picha zote mbili mpaka mifupa ikae juu ya mifupa, ndipo apime. Kisha huangalia chini ya shimo. Pakiwa na utepe mweupe mzito ambao mwaka jana haukuwepo, mfupa umeanza kujenga pale ulipoliwa. Mara chache shimo hujaa lote, lakini utepe huo ndio ninaoutafuta nikifungua kila picha ya pili.