Weusi na Giza: Rangi, Kaniki na Utambulisho katika Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili mara nyingi huuchukulia weusi kama ishara moja yenye tabaka tatu: rangi ya kitu, ukosefu wa nuru na utambulisho wa Mwafrika. Mkabala huo umetoka katika lugha nyingine. Katika Kiingereza, kivumishi kimoja hutaja ngozi ya mtu, chumba kisicho na taa na jambo lisilojulikana. Ndiyo maana Henry Morton Stanley, alipochapisha mwaka 1878 kitabu cha safari yake ya kulivuka bara la Afrika, aliweza kuliita bara zima la giza bila kulazimika kueleza kama giza hilo lilikuwa la ramani, la imani au la ngozi za wenyeji.

Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Mtu huitwa mweusi. Haitwi wa giza. Chumba huwa na giza. Kikiitwa cheusi, msikilizaji huelewa kwamba kuta zake zimepakwa rangi au zimeshika masizi. Linalostahili kuangaliwa zaidi ni kwamba upande wa pili haulingani na huu. Mzizi -eupe huvuka mpaka kati ya rangi na nuru: peupe ni mahali pa wazi, kweupe ni hali baada ya kupambazuka, moyo mweupe ni moyo usio na hila. Mzizi -eusi haukupata umbo kweusi lenye maana ya gizani. Lugha hii, basi, haikosi upendeleo, kwani sifa njema zimeegemea kwenye weupe, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, haikuutwika weusi mzigo wote wa giza.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi wa mwanzoni mwa karne ya 19, inaonyesha tofauti hiyo. Mabwana wa Pate walikuwa na majumba yaliyowashwa taa hata usiku ukafanana na mchana. Kisha majumba yakawa magofu na wenyewe wakaingia makaburini. Giza la utenzi huu ni la mauti na la moyo ulioghafilika. Tena linawapata waungwana, wale waliokuwa na taa nyingi kuliko wengine. Kuligeuza kuwa istiara ya rangi ya watu ni kuupa utenzi swali ambalo haukuuliza.

Mahali ambapo suala la utambulisho linajitokeza kwa ukali ni katika habari za Siti binti Saad, kama zilivyohifadhiwa katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Alipopata umaarufu mjini, mahasidi walimtungia wimbo wa kejeli kuhusu kaniki aliyoingia nayo. Ni rahisi kuisoma kaniki hapa kama weusi wa ngozi uliohamishiwa kwenye nguo. Usomaji huo haukubaliani na historia ya vazi lenyewe. Kaniki ilikuwa pamba iliyotiwa nili hadi ikakaribia weusi; merikani, iliyopewa jina la nchi ilikotoka, ilikuwa pamba isiyotiwa rangi. Watumwa wa Unguja walivaa zote mbili. Mtu aliweza kuvaa nguo ya weusi au ya weupe na bado akatambuliwa kuwa mtumwa, maana kilichomtambulisha kilikuwa unyonge wa kitambaa. Baada ya hali ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani walizidi kuyaacha mavazi hayo na kuvaa kanga.

Jibu linalonasibishwa na Siti linauthibitisha usomaji huu. Linataja uzuri wa sura, linataja nasaba, na linaweka akili juu ya vyote viwili. Rangi haimo. Hii haimaanishi kwamba ngozi haikuwa na uzito katika Unguja ya masultani. Ilikuwa nao, na nasaba yenyewe ilikuwa njia mojawapo ya kuisema. Lakini mhakiki anayeanza na ngozi hulipita neno kaniki pasipo kuona kwamba limebeba historia nzima ya tabaka.

Ngozi ilikuja kutajwa waziwazi baadaye. Shaaban Robert huyo huyo, katika shairi lake “Rangi Zetu”, aliichukulia rangi kuwa pambo la Mungu lisilomwaibisha mtu. Bendera ya Tanganyika ya mwaka 1961 ilikuwa na weusi kuwakilisha wananchi, na rangi hiyo ikabaki katika bendera ya Muungano ya mwaka 1964. Katika shairi na katika bendera, hakuna giza lililotangulia kufukuzwa.

Hapo ndipo kazi ya mfasiri inapokuwa ngumu. Kitabu cha Frantz Fanon cha mwaka 1952 kuhusu ngozi nyeusi na vinyago vyeupe kiliandikwa katika Kifaransa, lugha ambayo kivumishi chake kimoja hutaja ngozi na pia hutaja usiku. Anayekileta katika Kiswahili hana budi kuamua, sentensi kwa sentensi, kama anaandika weusi au giza, na kila uamuzi utamwonyesha msomaji mshono ambao katika Kifaransa haukuonekana.